Refraktomita, joto la kaskazi na bia ya nyumbani

Leo nataka tuongee kuhusu kile kidude cha kupima sukari, refraktomita, manake nimekaa nacho karibu miaka mitatu sasa na kwa muda mrefu nilikuwa nakitumia vibaya bila kujua. Najua hapa Mombasa tuko watu kadhaa twapika bia nyumbani kidogokidogo, lita 20 hivi, ya kunywa wenyewe na marafiki wakija Jumamosi, na wengi tumeagiza hiki kidude kwa simu, kikaja ndani ya kiboksi na karatasi ya maelezo ambayo yachukulia kwamba chumba chako kina nyuzi 20. Mimi naishi Bamburi. Nyuzi 20 nazipata ndani ya friji.

Nianze na bechi iliyoniuma. Ilikuwa ya pili kabisa tangu nianze, mwezi wa tatu, mwisho wa kaskazi, siku zile ambazo hata usiku wa manane shuka yagandana na mwili. Woti yangu (yale maji matamu ya kimea kabla hayajatiwa hamira) ilisoma Brix 12.5 (Brix ni kipimo cha sukari, nitakieleza mbele), vizuri kabisa, nikatia hamira nikafunika ndoo. Siku ya 7 nikatoa tone, nikaangalia, 6.2. Siku ya 8, 6.2. Siku ya 10, 6.2 ileile. Nikaingia kwenye chati ya kubadilisha Brix kuwa graviti (uzito wa kioevu ukilinganisha na maji, maji matupu ni 1.000) ikaniambia hiyo ni 1.025 na mimi nilikuwa nategemea ishuke mpaka 1.010 hivi, basi nikaamua hamira imekwama. Nikafungua ndoo nikakoroga, nikaongeza paketi ya pili ya hamira, nikangoja wiki mbili nyingine huku kila siku mbili nafungua natoa tone, na kila nikifungua ni 6.2. Mwisho nikaitia kwenye chupa. Ilipokuwa tayari ilikuwa na ladha ya katoni iliyolowa maji, lita zote 20, kwa sababu ya hewa niliyoiingiza kila nikifungua na kukoroga. Na bia yenyewe ilikuwa imemaliza kazi yake tangu siku ile ya 7! Hakukuwa na kitu kilichokwama. 6.2 ilikuwa namba sahihi, mimi ndo sikujua yasema nini.

Iliniuma sana manake kimea chatoka mbali, hopsi (yale maua ya kuitia bia uchungu) zatoka mbali zaidi, na ile siku nzima ya kusimama juu ya sufuria kwenye joto si mchezo. Kwa hivyo nikakaa chini nikaanza kukisoma kidude chenyewe, kinafanya nini hasa mle ndani.

Chukua mfano huu ambao kila mtu wa hapa ameuona. Mvuvi pale Tudor akisukuma mtumbwi kwa upondo, upondo umenyooka lakini pale unapoingia majini waonekana kama umevunjika. Ni mwanga ndo umepinda ukitoka majini kuja hewani. Maji yakiwa na sukari mwanga wapinda zaidi, na sukari ikizidi, kupinda nako kwazidi, kwa kipimo kinachojulikana. Mjerumani Ernst Abbe ndiye aliyetengeneza refraktomita ya maabara na kuieleza kwa maandishi mwaka 1874, na hizi zetu za mkononi zafuata wazo hilohilo: tone juu ya kioo cha prizimu, mwanga wapita, na wewe ukitazama kwa jicho unaona sehemu ya bluu na sehemu nyeupe na mstari katikati. Mstari ulipokatiza skeli ndo namba yako. Skeli yenyewe ni Brix, jina la Mjerumani mwingine, Adolf Brix, na maana yake ni nyepesi tu, Brix 10 ni gramu 10 za sukari ya kawaida ndani ya gramu 100 za mchanganyiko wote.

Sasa shikeni hapo, manake matatizo yangu yote yalitokea hapo. Kidude kinaona mwanga umepinda kiasi gani, basi. Chochote kinachopinda mwanga kitahesabiwa kama sukari. Chumvi itahesabiwa. Pombe itahesabiwa. Vitu vingine vya kimea ambavyo si sukari vitahesabiwa. Na joto nalo lapunguza kule kupinda, kwa hivyo tone la moto lasoma chini kuliko ukweli.

Kwa sisi wa pwani joto ndo la kwanza. Refraktomita yangu imeandikwa ATC ubavuni, yaani inajirekebisha yenyewe kulingana na joto, na mimi nilipoona hivyo nikasema basi kazi imeisha. Ndani yake kuna kijibamba cha madini mawili yaliyoshikanishwa, joto likibadilika chajikunja kidogo na kusogeza skeli. Nzuri sana. Lakini soma yale maandishi madogo: yafanya kazi kati ya nyuzi 10 na 30. Jikoni kwangu saa nane mchana mwezi wa pili themomita yasoma 33, na sufuria ikiwa yachemka hapo pembeni yafika 35, sasa hapo hiyo ATC iko nje ya uwanja wake. Kisha kitu cha pili ambacho sikukijua, kile kijibamba kinahisi joto la kidude, hakihisi joto la tone. Ukiweka tone la moto ukakimbilia kusoma, kidude hakina habari kabisa kwamba tone lina moto. Lazima ungoje tone lifanane na kioo, nusu dakika angalau, mimi nangoja dakika nzima.

Ili mjue joto lina uzito gani: kwa kidude kisicho na ATC kilichosetiwa kwa nyuzi 20, ukipima woti ya kawaida kwa nyuzi 30 itasoma chini kwa karibu Brix 0.7 au 0.8. Hiyo ni kama pointi 3 za graviti, pointi moja ikiwa ni 0.001. Mtu anaweza kudhani kimea hakikutoa sukari vizuri, akaanza kulaumu mfuko wa kimea au aliyemsagia, kumbe ni hali ya hewa.

Nilifanya jaribio moja ambalo nawashauri mfanye, halina gharama. Nilipima gramu 50 za sukari nyeupe kwa mizani ya jikoni, nikatia gramu 450 za distildi wota (maji yaliyosafishwa, hayana chumvi), nikakoroga mpaka ikayeyuka yote. Hiyo ni Brix 10 bila ubishi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jikoni kukiwa na nyuzi 26, nikaseti sifuri, yaani distildi tupu isome 0, nikapima ile sukari, 10.0. Saa tisa mchana bila kugusa chochote nikapima tena, joto 33, ikasoma 9.6. Nikaweka distildi tupu, mstari ukawa umeteremka chini ya sifuri. Nikachukua bisibisi ndogo nikaurudisha kwenye sifuri palepale kwenye joto lilelile, nikapima sukari tena, 10.0.

Dawa yake ni hiyo hapo. Kule kushuka kwa sababu ya joto kunafanana sana kwa maji matupu na kwa woti ya Brix 12, tofauti yao ni ndogo kiasi kwamba jicho halioni kwenye skeli. Kwa hivyo seti sifuri mahali palepale utakapopimia, saa ileile, na maji yaliyokaa kwenye joto lilelile la kidude na la woti. Mimi siku ya kupika naweka refraktomita, kichupa cha distildi na sampuli ya woti iliyopoa juu ya meza moja, vikae pamoja robo saa, kisha ndo naseti na kupima bila kuhamahama. Msimu wa kusi, mwezi wa saba na wa nane, hakuna shida sana, kidude chakaa sawa siku nzima. Kaskazi ikiingia naseti kila nikipima, kila nikipima, hata kama ni mara nne siku hiyo.

Na tafadhali usiende kuseti chumbani kwenye eisii halafu ukarudi jikoni. Nilifanya hivyo nikijiona nimepata ujanja wa nyuzi 20. Kioo cha baridi kikikutana na hewa yetu hii ya unyevu chatoa jasho, kile kiukungu unachokiona kwenye miwani ukitoka ndani ya gari la eisii, na lile jasho ni maji, yanachanganyika na tone lako ambalo lenyewe ni dogo, namba yashuka. Ukitaka kutumia chumba cha eisii basi peleka kila kitu humo, woti nayo ndani ya kichupa kilichofungwa, fanya kazi yote humohumo.

La pili ni maji yenyewe ya kuseti. Plot yetu yatumia kisima, na wengi wa Mombasa mwajua maji ya kisima cha huku yana chumvi, mengine ukipika nayo chai waisikia. Mimi mwanzoni nilikuwa naseti sifuri kwa maji ya bomba la jikoni, ambayo ni hayohayo ya kisima. Maji ya bahari ukiyaweka kwenye refraktomita ya sukari yatasoma karibu Brix 4 na hayana hata chembe ya sukari. Ya kisima changu nimeyapima, yasoma 0.3. Sasa ukiseti sifuri kwenye maji ambayo ni 0.3, kila kitu utakachopima baadaye kitasoma 0.3 pungufu, na ukiongeza na lile la joto ndo unafika pabaya. Tumia distildi, zile chupa za lita moja za kuongezea kwenye betri ya gari zauzwa petroli stesheni yoyote, ila soma lebo vizuri manake asidi ya betri nayo yauzwa rafu hiyohiyo na chupa zafanana, hiyo haifai kukaribia kitu chako chochote. Lita moja yanikaa miezi. Na kuosha kioo baada ya kupima naosha kwa hiyohiyo distildi, matone machache tu, nafuta na kitambaa laini cha miwani, kwa sababu maji ya kisima yakikaukia pale yaacha ukungu mweupe wa chumvi na hiyo chumvi itayeyuka kwenye tone lako lijalo.

Sasa tone. Hapa watu waharibu sana na mimi niliharibu. Woti yachemka, unataka kujua imefika wapi, wachota kijiko, wadondosha. Kwanza usidondoshe woti inayochemka moja kwa moja juu ya prizimu, ile prizimu imegandishwa kwa gundi, na moto wa ghafla si mzuri kwa gundi wala kwa kioo. Pili, kijiko cha woti ya moto kikikaa hewani dakika moja mbili mvuke watoka, maji yapungua, sukari yabaki, namba yapanda. Siku moja nilipata 13.4 kutoka kwenye kijiko, na woti ileile niliyoichota kwenye kichupa chenye kifuniko na kuipoza ikasoma 12.6. Tofauti ya 0.8 kwa sababu ya kijiko! Sasa hivi nina vile vichupa vidogo vya kioo vyenye kifuniko cha kuzungusha, nachota, nafunga palepale, natumbukiza kwenye bakuli la maji ya baridi dakika tano, kisha nakiacha kifikie joto la meza ndo nafungua. Natikisa kidogo kabla ya kufungua ili yale maji yaliyogandia juu kwenye kifuniko yarudi chini.

Kama umeongeza maji kwenye sufuria au kwenye ndoo, koroga, koroga kweli, manake woti nzito yakaa chini na maji yakaa juu na tone lako litakuwa la upande mmoja tu. Tone lenyewe liwe safi. Vipande vya hopsi na ule utando wa protini vikikaa kwenye kioo mstari wafifia, wauona kama wingu, na hapo kila mtu asoma anachotaka kusoma. Mimi naacha kichupa kimesimama mpaka uchafu ushuke, nanyonya ya juu kwa dropa kama ile ya dawa ya macho. Matone mawili au matatu, yatandae kioo chote, funika taratibu bila povu la hewa. Sogea dirishani utazame kwenye mwanga wa mchana, mbingu, si jua lenyewe, jua litakuumiza jicho. Zungusha ile pete ya kwenye jicho mpaka skeli iwe kali. Ukiseti sifuri kwa mwanga wa dirishani basi pima kwa mwanga wa dirishani, usiku kwenye taa ya LED mstari waweza kuwa na rangirangi pembeni na ukausoma kwa tofauti ya 0.1 au 0.2. Kisha futa, weka tone jingine, soma. Futa, weka la tatu. Mimi siandiki namba kama sijaiona mara tatu na zikakaribiana.

Kuna wale walionunua vya skeli mbili, upande mmoja Brix na upande mwingine graviti. Mnisikie, someni upande wa Brix tu. Vingi vya bei rahisi upande wa graviti umechorwa kwa kuzidisha Brix mara 4 na basi. Kwa bia nyepesi hamtaona tofauti, Brix 12 ni 1.048 kwa njia zote mbili. Lakini Brix 20 kwa ukweli ni 1.083, na vile vidude vyakuonyesha 1.080. Simu yako ina kalkuleta za kutosha, kazi ya kubadilisha mwachie simu.

Halafu kuna hili ambalo sikulisikia kwa mtu mpaka mwaka wa pili. Skeli ya Brix ni ya sukari ya kawaida, ya miwa. Woti si hiyo, woti ina maltosi kwa wingi, ina sukari zingine ndefundefu, ina protini, na vyote hivyo vyapinda mwanga kwa namna yao. Kwa hivyo refraktomita husoma woti juu kidogo kuliko ukweli na wapikaji wengi wagawanya ile namba kwa 1.04. Hiyo 1.04 ni ya kuanzia tu, yako yaweza kuwa 1.02 au 1.06 kutegemea kidude na bia unazopenda kupika. Kuipata yako ni lazima uwe na haidromita pia, ile ya kuelea, na hapo ndo nasema usiitupe haidromita yako kwa sababu umepata refraktomita, vyahitajiana. Pima woti ileile kwa vyote viwili. Na haidromita nayo ina joto lake! Yangu imesetiwa kwa nyuzi 20, nikipima woti kwa nyuzi 30 naongeza karibu 0.0025. Mfano, haidromita yasoma 1.046 kwa nyuzi 30, ukweli ni 1.0485, hiyo ni kama Brix 12.0. Refraktomita kwenye woti hiyohiyo yasoma 12.5. Gawanya 12.5 kwa 12.0 wapata 1.04. Fanya hivyo bechi tano sita, chukua wastani, hiyo ndo namba ya kidude chako, iandike kwa maka juu ya kiboksi. Yangu imekaa hapo kwenye 1.04.

Sasa turudi kwenye ile 6.2 iliyonilia bechi.

Hamira ikianza kula sukari yatoa pombe, na pombe yapinda mwanga zaidi ya maji. Wakati huohuo pombe ni nyepesi kuliko maji. Kwa hivyo haidromita ikiingia kwenye bia, pombe yaishusha chini, na refraktomita ikiingia kwenye bia hiyohiyo, pombe yaipandisha juu. Ndo maana huwezi kuchukua namba ya refraktomita baada ya hamira kuanza kazi ukaibadilisha kwa chati ya kawaida, ile chati ni ya woti tupu. Bia iliyoanza 12 na kumaliza vizuri kabisa itaonyesha 6 hivi, nusu kwa nusu, na hapo imekwisha, hamna kilichobaki cha kungoja.

Kuna hesabu ya kurekebisha, aliitoa Mmarekani mmoja mpikaji wa nyumbani, Sean Terrill, na kalkuleta nyingi za simu zaitumia. Ile rahisi ni hivi: anza na 1, toa 0.00085683 mara Brix ya mwanzo, ongeza 0.0034941 mara Brix ya sasa, zote mbili ukiwa umeshazigawanya kwa ile 1.04 yako. Hebu tufanye na ile bechi yangu. 12.5 gawanya kwa 1.04 ni 12.02. 6.2 gawanya kwa 1.04 ni 5.96. Basi 1 toa 0.0103 ongeza 0.0208 ni 1.0105. Yaani ilikuwa palepale nilipotaka iwe, 1.010, pombe kama asilimia 5. Siku niliyoifanya hiyo hesabu ilikuwa usiku, niko peke yangu mezani na daftari langu la zamani, na nilikaa kimya muda nikifikiria zile wiki mbili nilizokuwa nafungua ndoo.

Kwa hivyo namba ya kwanza, ile ya siku ya kutia hamira, ni mali. Bila hiyo namba ya mwisho haina maana, huwezi kugawa hiki ni sukari na hiki ni pombe. Andika mahali pawili, kwenye daftari na kwenye karatasi ya gundi juu ya ndoo. Na hesabu yenyewe yakaribia tu, yaweza kupishana na haidromita kwa pointi moja mbili, kwa hivyo kabla sijatia kwenye chupa napima mara moja kwa haidromita nijue ukweli. Lakini za katikati zote natumia tone. Haidromita yataka silinda nzima, mililita 100 na zaidi kila ukipima, na kwenye ndoo ya lita 20 ukipima mara sita umekunywa chupa mbili kasoro. Tone latoka kwa dropa pale juu kupitia kile kitundu cha kutolea hewa, sifungui kifuniko tena, na kwa kazi ya kujua bia imetulia au bado, huhitaji hesabu yoyote. Namba ikisimama siku tatu mfululizo, imetulia. Ikiwa bado yashuka hata kwa 0.1 usithubutu kufunga vizibo, bia ikiendelea kuchacha ndani ya chupa yapasua chupa, na chupa ikipasuka ndani ya nyumba yenye watoto si jambo la kusimulia.

Tone la bia changa lina gesi, litikise kwanza ndani ya kichupa mpaka povu liishe, la sivyo vijipovu vyakaa chini ya kifuniko cha kioo na mstari wakatikakatika.

Kitu kingine kwa watu wa joto: tangu nianze kutumia kveik, ile hamira ya mashambani ya Norway, maisha yangu yamekuwa mepesi. Yapenda nyuzi 30 na kupanda, joto ambalo hamira nyingi za bia zatoa ladha mbaya. Ila yakimbia sana, siku mbili tatu imemaliza sehemu kubwa, kwa hivyo pima kila asubuhi, usingoje wiki.

Nilikipeleka kidude kwa mjomba wangu Rabai, mwaka jana mwezi wa kumi na mbili. Yeye ni mgema, amekwea minazi tangu kabla mimi sijazaliwa. Nilimkuta ametoka kuteremsha mnazi (tembo) wa asubuhi, kotama, kile kisu cha kugemea, bado kiunoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, na hiyo darubini ni ya nini?"

Nikamwelezea. Akanipa mnazi uliotoka juu palepale, nikapima, na wa jana jioni, nikapima, na kweli wa jana ulisoma chini zaidi. Akauliza swali ambalo najua kila mtu ataliuliza, je, chaweza kumshika mtu aliyetia maji? Manake si twajua wote, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamwambia nilivyoelewa: kwa bia yangu naweza, kwa sababu namba ya mwanzo ninayo. Mnazi waanza kuchacha ukiwa bado juu ya mti, ndani ya mboko (kile kibuyu cha kukingia), kwa hivyo ukifika chini sukari yake ya mwanzo huijui, na ukisoma namba ndogo huwezi kujua ni maji yametiwa au ni hamira imekula. Akatikisa kichwa, akaonja wa jana, akasema, "Huu una maji ya mvua ya juzi usiku, mboko haikufunikwa vizuri." Sikuwa na namna ya kubisha. Nikamwachia kichupa cha distildi na ahadi kwamba nikirudi tutapima mnazi wa mti mmoja kila saa, kutoka asubuhi mpaka jioni, tuone unavyoshuka, na yeye aonje kila saa tuandike vyote viwili upande kwa upande. Bado sijaenda, lakini daftari nimeshalipiga mistari.

Kuhusu kutunza: hewa yetu ya chumvi yala ile skrubu ndogo ya kusetia. Yangu ilianza kutu mwaka wa kwanza. Sasa naifuta na naweka kidude ndani ya kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usikitumbukize majini kukiosha, maji yakiingia ndani ya bomba ukungu wake hautoki, rafiki yangu mmoja wa Mtwapa alifanya hivyo na chake sasa chaonyesha wingu tu.

Bechi iliyoko ndooni sasa ilianza 12.9. Juzi asubuhi 6.5, jana 6.5, leo saa moja kasoro kabla ya jua kupanda, distildi na tone vikiwa meza moja nyuzi 27, mara tatu, 6.5. Chupa nimeziloweka tangu adhuhuri, haidromita iko mezani, na jioni jikoni kukipoa kidogo naanza kujaza.